Sauti ya Nyamvula Ndani ya Kamusi

Sauti iliyotoka kwenye kompyuta ilikuwa yake mwenyewe.

Nyamvula alikuwa amekuja darasani hapo Changamwe kama mgeni tu. Mwalimu wa Kichina, rafiki yake wa zamani, alimwomba aje Jumatatu moja alasiri awazungumzie wanafunzi habari za Tianjin, mji alioishi miaka tisa, maana likizo yake ya wiki tatu ilikuwa imefika ukingoni na Jumamosi alikuwa apande ndege arudi. Akazungumza, wakauliza, akajibu. Baridi ya kule, vyakula vyao, majirani walivyokuwa wakimshika nywele sokoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pale Cindy, karani wa kampuni moja ya makontena, alipoinua mkono.

"Mwalimu, wacha na sisi tukuonyeshe tunavyosoma."

Akageuza kompyuta yake. Kwenye skrini palikuwa na picha ya hati ya mzigo, Kichina kitupu toka juu hadi chini. Cindy akashika kipanya, akaizungushia herufi moja mraba mwembamba mwekundu, na papo hapo kikafunguka kidirisha: herufi yenyewe, namna ya kuitamka, na chini yake, kwa Kiswahili, neno "fungua". Akabofya alama ya spika.

"Kāi," ikasema sauti ya msichana. Kisha msichana huyo akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja lakini amechelewa.

Darasa zima likacheka pamoja naye, kama watu wanaoujua utani siku nyingi na hawajauchoka.

"Hapo ndipo anapochekea," Cindy akasema. "Maneno mengine yote ayasema vizuri, lakini akifika kwenye 'fungua' huyu dada lazima acheke. Tumejiuliza mpaka tumechoka. Kuna nini kwenye kufungua?"

Nyamvula alishika ukingo wa meza.

"Nani ameitengeneza hii?"

"Kuna mtu Kisauni, pale Mlaleo. Jina lake ndilo hilo hilo, Kai."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka.

*

Miaka tisa na nusu kabla ya siku hiyo, Nyamvula alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne kutoka Mtongwe, Likoni, aliyekuwa akijifundisha Kichina kwa kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Laptopu yake ilikuwa ikipata moto kama chuma cha kupigia pasi, ndipo mtu akamwelekeza Kisauni, kwa kijana mmoja Mgiriama mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta. Alipokuwa akisubiri, akatoa kamusi ya karatasi, akafungua picha za kile kitabu kwenye simu. Kila herufi ilimbidi aihesabu mistari, atafute fungu lake, apekue, akosee, arudie. Kijana alimaliza kazi yake na bado Nyamvula alikuwa kwenye sentensi ya pili.

"Dada, samahani," kijana akasema. "Kwa nini kompyuta isikusomee?"

"Haiwezi. Hii ni picha. Kompyuta yaona madoa tu, haijui kama ni herufi."

Kijana akaitazama ile skrini kwa muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Basi tuifundishe," akasema.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wao. Nyamvula aliandika herufi kwa mkono, kila moja mara thelathini, nene na nyembamba, zilizonyooka na zilizolala, na Kai akazilisha kompyuta moja moja mpaka ikaanza kuzitambua. Siku za mwanzo ilikuwa ikichanganya kununua na kuuza, kwa sababu maneno hayo mawili kwa Kichina hutofautiana kwa kialama kidogo kichwani. Kai akasema ingewafilisi wafanyabiashara wote wa Mombasa. Wakarekebisha. Halafu ikaja kazi ya maana za Kiswahili, na hapo ndipo walipogombana kwa raha. Palikuwa na neno moja, xiǎng, ambalo ni kuwaza, tena ni kutaka, tena ni kumkosa mtu aliye mbali. Walilibishania Jumapili nzima.

"Andika 'kuwaza'," Kai alisema.

"Andika 'kuwa na hamu'," Nyamvula akashikilia. "Mtu anayenikosa hawazi, ana hamu."

"Mimi nikikukosa huwa nawaza."

Nyamvula alijifanya hakusikia, akainama kwenye daftari. Waliandika maana zote mbili.

Sauti walirekodi baadaye, Jumapili baada ya kanisa, katika stoo ya shangazi yake Kai iliyojaa magunia ya nazi. Ili makelele ya barabarani yasiingie, waliegemeza godoro mlangoni, kisha wakajifunika leso moja vichwani wote wawili, na maikrofoni katikati. Humo ndani ya leso kulikuwa na joto, na harufu ya nazi, na pumzi. Alipofika kwenye neno la kufungua, ambalo Wachina hulitamka kama jina lake yule aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuhesabu kope zake, Nyamvula alishindwa kujizuia, akacheka. Walirudia mara saba. Mara zote saba alicheka.

Kisha ikaja nafasi ya masomo Tianjin. Akaondoka, na siku ya kuondoka Kai hakutokea uwanja wa ndege. Hakupiga simu, na barua pepe wala ujumbe hakujibu hata kimoja. Miezi mitano Nyamvula aliandika kwenye kimya hicho. Mwezi wa tano ulipokwisha, alizifunga njia zote ambazo Kai angeweza kumfikia, akajifunga kibwebwe kwa kazi.

*

Jumanne asubuhi alipanda ngazi za jengo moja la Mlaleo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume aliyevaa miwani alikuwa amempa mgongo, ameinamia skrini.

"Hodi."

"Karibu, karibu ndani," akasema bila kugeuka. Kisha vidole vyake vikasimama juu ya vibonyezo. Aligeuka polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeanza mvi. Uso ulikuwa ule ule, umepungua tu kidogo mashavuni, na ndevu ambazo zamani hazikuwepo. Walitazamana mpaka mtu wa duka la chini akamaliza kuangusha mabati yote aliyokuwa akiyapakua.

"Nyamvula."

"Ndiye."

"Umekuja lini?"

"Sikuja kusalimiana, Kai. Nimekuja kuchukua sauti yangu."

Kai akainuka, akaondoa rundo la karatasi kwenye kiti cha pili. "Keti kwanza."

"Nimesimama vizuri."

"Haya." Akabaki kusimama naye. "Nilikuandikia kukuomba ruhusa. Mwaka huu peke yake nimeandika mara tatu."

"Nilikufungia zamani."

"Najua. Niliandika hivyo hivyo."

Nyamvula alikuwa ameipanga hotuba yake tangu kwenye feri, neno kwa neno, na sasa aliona inamponyoka. Akaing'ang'ania. "Watu kumi na wanane jana walinicheka usoni. Kicheko changu mwenyewe! Kitu nilichokifanya nikiwa msichana, kwa mtu niliyemwamini, leo kimekuwa mchezo wa darasani. Ulikuwa na haki gani?"

"Sina," Kai akasema. "Haki sina. Wanafunzi hawajui kuwa ni wewe, na hicho kicheko ningekikata kwa dakika moja. Nimejaribu. Nikifika pale, mkono haufanyi kazi."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, na bila miwani akawa yule kijana wa kibandani kabisa. Nyamvula akaangalia dirishani.

"Nikueleze ilivyo, kisha uamue," Kai akaendelea. "Kamusi ina maneno elfu sita na mia nne. Yenye sauti ni mia tisa na kumi na mawili, yale tuliyorekodi stoo. Mengine ni bubu."

"Miaka yote hiyo hukupata mtu mwingine wa kuyasema?"

"Walikuja wasichana wawili, wazuri tu, Kichina wanakiongea kama maji. Niliwasikiliza, nikawashukuru, nikawapa nauli."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo." Akavaa miwani. "Sasa vyuo vinaitaka yote iwe na sauti, na mwezi huu ndio mwisho. Kuna sauti ya mashine, haina kasoro, haikohoi wala haicheki. Jumatatu naiweka, yako natoa. Kwa hiyo hukunikuta vibaya. Ukitaka kuifuta leo, ifute kwa mkono wako."

Akamvutia kiti mbele ya kompyuta, akafungua orodha ya faili, akasogea pembeni. Nyamvula akaketi. Hakuna alichotaka wakati ule zaidi ya kumaliza na kushuka ngazi zile. Lakini kando ya orodha palikuwa na faili nyingine, imeandikwa "Mabaki".

"Hii ni nini?"

"Hiyo achana nayo."

Kai alilisema haraka mno. Nyamvula akabofya.

Vilikuwa vipande vilivyokatwa katikati ya neno na neno, takataka za kurekodi. Kwanza ikasikika honi ya matatu, kisha sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini na minne: "Kai, godoro laanguka!" Vishindo. Vicheko. Kipande kingine: Roseline, shangazi yake Kai, akiita kutoka nje kwamba chai inapoa na kwamba hajui ni masomo gani hayo ya gizani. Kipande kingine, kimya kirefu, pumzi mbili, na yeye akisema kwa sauti ya chini, "Usiniangalie hivyo, nitakosea." Na Kai, "Nakuangaliaje?" Na yeye, "Hivyo."

Nyamvula alisikiliza, mkono kifuani. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa msichana yule, mwepesi vile, asiyeogopa kuonyesha alichonacho moyoni. Kikaja kipande cha mwisho.

"Nikirudi kutoka China," msichana yule akauliza, "utakuwa umemaliza?"

"Nitakuwa nimemaliza," Kai alijibu.

"Na utanipokea?"

"Nitakusindikiza kwanza, ndio nikupokee."

Mashine ikanyamaza. Nyamvula hakugeuka, maana machozi yalikuwa yameshafika mashavuni na hakutaka Kai ayaone.

"Hukunisindikiza," akasema.

"La."

"Pale uwanjani niliwazuia wenzangu wa safari wasiingie ndani. Nikawaambia yuko njiani, mnamjua Kai, huchelewa. Mpaka askari wa uwanja akanionea huruma. Kwa nini hukuja?"

Kai akasogea dirishani.

"Miaka tisa nimejiuliza. Nilisema labda alipata mwingine. Nikasema labda sikuwa kitu kwake, ilikuwa kazi tu, nikimaliza kumsomea maneno basi. Nijibu, Kai. Nitakuwa nimekwenda Jumamosi, sitakusumbua tena."

"Nyamvula, mengine hayana faida sasa."

"Nijibu."

"Muulize..." Akajizuia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nusu yake, na Nyamvula akageuka na kiti chote.

"Nimuulize nani?"

Chini dukani mtu aliuliza bei ya misumari. Kai alitazama mikono yake.

"Nani, Kai? Ni nani mwingine aliyejua saa ya ndege yangu?" Naye alipokuwa akiuliza ndipo akajua. "Mama."

"Usimkasirikie."

"Alikuja hapa?"

"Kibandani, wiki moja kabla. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja, na mkoba wake mapajani. Akaniambia umemwambia huendi tena. Kwamba umesema China itakungoja lakini mimi huenda nisikungoje."

Ni kweli alilisema. Alilisema jikoni, kwa mama, usiku mmoja wa mvua, na asubuhi yake akabadili nia na kuendelea kufungasha.

"Akaniomba miezi sita," Kai akasema. "Nisije kukuaga, nisijibu, mpaka uzoee kule. Alisema nikikuita hata mara moja utarudi, na ukirudi utakuja kunichukia. Nikamwona mama mtu mzima analia mbele ya wateja wangu. Ningemwambia nini? Nikakubali. Siku miezi sita ilipotimia nilikupigia simu kabla jua halijatoka. Njia zote zilikuwa zimefungwa."

"Nilifunga mwezi mmoja kabla," Nyamvula akasema, na sauti yake mwenyewe ikamsikikia kama ya mbali. "Mwezi mmoja tu." Kisha hasira ikampanda. "Na baadaye? Kulikuwa na marafiki, kulikuwa na watu wanaosafiri. Hukuweza kumtuma hata mmoja aniambie?"

"Akuambie nini? Kwamba mama yako ndiye aliyefanya hivi? Ulikuwa peke yako nchi ya watu. Mama ndiye mtu uliyekuwa umebaki naye. Nikuondolee na huyo?"

"Ungeniachia niamue mwenyewe!" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mlikaa wawili mkanigawa kama kitumbua. Huyu achukue masomo yangu, huyu achukue kimya. Mimi niliyekuwa naongelewa hakuna aliyeniuliza. Kila mmoja ananipenda, na hakuna aliyeniuliza!"

Kai alipokea maneno yale bila kujitetea. "Kweli," akasema. "Hatukukuuliza."

Nyamvula akachukua mkoba wake akashuka. Sauti hakuifuta.

*

Mama yake, Phoebe, alikuwa barazani Mtongwe akichambua kunde ndani ya ungo. Alimwona binti yake anavyokuja, akajua.

"Ulikwenda kibandani kwa Kai, mama."

Kunde zilizokuwa mkononi zikamponyoka. "Nilikwenda."

"Kwa nini?"

Mama alisema na ungo, si na binti.

"Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu baba yako aliponioa. Akaniambia nizae kwanza, nitarudi. Nikakuzaa wewe, nikauliza. Nikaambiwa mwakani. Vitabu vyangu vyote, Nyamvula, nilifungia watu mandazi. Ukurasa baada ya ukurasa. Siku moja nilimfungia mteja mandazi mawili kwa karatasi yenye mwandiko wangu, nimeandika 'malengo ya somo'. Nikarudi ndani nikalia. Sasa wewe uje uniambie jikoni kwamba huendi, kwa sababu ya kijana?"

"Nilibadili nia asubuhi yake."

"Nami nilikuwa nimeshakwenda," mama akasema. "Nilitoka alfajiri."

Kuku walikuja kudonoa kunde zilizoanguka, hakuna aliyewafukuza.

"Nilimwambia miezi sita," mama akasema. "Sikumwambia miaka tisa. Lakini wewe ulikuwa ukinipigia simu unalia, wamtaja yeye. Kila mwezi nikisema nitamwambia mwezi ujao. Halafu ukaacha kulia, ukaacha kumtaja, nikajidanganya kuwa umepona. Kumbe ulikuwa umekauka tu."

Nyamvula aliingia ndani akafunga mlango. Siku ile na siku ya pili hawakusemezana ila kwa lazima. Jumatano alikwenda akatembea ufukweni Shelly Beach mpaka miguu ikachoka, akimtafuta mtu mmoja wa kumchukia moja kwa moja, asimpate. Mama alimpa Tianjin. Tianjin ilimpa shahada mbili, na kazi, na pesa ya paa hili la Mtongwe lisilovuja tena. Na Kai naye alimwachia mama yake. Kila alichokuwa nacho kilitokana na ule uongo, na bado uongo ulibaki kuwa uongo.

Alhamisi alfajiri alifungua laptopu, akausoma mkataba mpya wa miaka miwili aliokuwa ametumiwa na chuo cha kule. Aliandika barua fupi ya shukrani. Alipoituma alishangaa kuona amepata njaa.

*

Saa sita mchana siku hiyo hiyo Kai alibisha hodi Mtongwe, amebeba begi la kompyuta, jasho limemlowesha mgongo. Mama ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alishika mlango kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu."

Kai akaingia, asiketi. Nyamvula alikuwa ametokea jikoni, mikono ina unga wa sima.

"Sikukaa vizuri tangu juzi," Kai akasema. Alimtazama mama kwa heshima, kisha akamgeukia binti na hakuondoa macho tena. "Mama, unisamehe, leo sikuja kwako. Nimekuja kwake. Nyamvula, ulisema hakuna aliyekuuliza. Mimi nimekuja kukuuliza, na mama yako anasikia. Unataka nini? Ukitaka sauti ifutwe, nimekuja na mashine, ifute hapa. Ukitaka kurudi Tianjin nikakubebee mzigo, nitaubeba. Ukitaka nisionekane tena mbele yako, nitavuka feri sasa hivi. Lolote utakalosema sitakuamulia mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwa Nyamvula kuulizwa swali hilo na mtu anayengoja jibu kweli. Akafuta mikono kwenye leso yake kiunoni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Tianjin sirudi," akasema. "Niliwaandikia asubuhi, kabla hujaja. Usijidanganye kuwa ni kwa ajili yako."

"Sijidanganyi."

"Darasa la Changamwe wanatafuta mwalimu wa pili. Nataka kazi ile. Miaka hii yote nimekuwa nikiwafundisha Wachina kusema 'nyumbani', nikimaliza naenda kulala kwenye chumba kisicho changu." Alivuta pumzi. "Na ile kamusi. Herufi nilichora mimi, maana tulibishania wawili. Nataka jina langu liwe pale kando ya lako. Jumatatu hiyo mashine yako isiyokohoa usiiweke. Nitayasema maneno yote yaliyobaki, na vyuo vitungoje."

"Ni zaidi ya elfu tano," Kai akasema.

"Nimehesabu. Miezi mingi hiyo."

"Mingi."

"Na sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakusamehe polepole. Usinihimize." Alimsogelea, akasimama karibu kiasi cha kuona miwani yake ilivyoingia ukungu. "Nina hamu na wewe, Kai. Hata nilipokuwa nakuchukia nilikuwa nina hamu na wewe. Hilo ndilo ninalolitaka, kama wauliza kweli."

Kai akamshika mkono, ambao bado ulikuwa na mabaki ya unga, akauweka shavuni mwake, na unga ukabaki pale kwenye ndevu.

Nyuma yao mama akakohoa. Alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, kwa mara ya kwanza mbele ya binti yake.

"Nilikosea," akasema. "Nyote wawili, niliwakosea."

Hasira ya Nyamvula haikuwa imekwisha, lakini aliuona mkono wa mama unavyotafuta mahali pa kushika, akamwendea akaupokea. Kai naye aliinama kumwokotea mama leso iliyomwanguka begani, na alipoinuka akasema kwa unyonge, "Mama, basi na mimi niruhusu niseme langu. Namtaka binti yako."

Mama akajifuta uso. Akamkagua kijana yule toka kichwani mpaka viatuni, unga ndevuni, begi la kompyuta begani, na ukali wake wa siku zote ukamrudia kidogo.

"Posa haiji na mtu mmoja na kompyuta. Sisi tuna wazee, tuna utaratibu. Jumapili ijayo uje na wakubwa wako."

"Naam, mama. Wangapi?"

"Wanaotosha kunibembeleza," mama akasema, akielekea jikoni kugeuza sima kabla haijaungua. "Mimi si mwepesi kukubali."